Abiria Wasio na Tiketi

Juma lililopita tuliwapa watoto wa darasa la sita insha fupi. Tuliwaambia: "Elezeni vyombo vya safari mvijuavyo, na kazi ya kila kimoja." Wakaandika habari za baiskeli, za pikipiki, za basi na za ndege. Mmoja wao, mtoto mwerevu akaaye Shituru, hatua chache tu kutoka njia ya reli, aliandika hivi: "Treni ni gari refu la kuchukua mawe." Hakuongeza neno. Tulishika kalamu nyekundu ili tumsahihishe, maana katika kitabu cha masomo imeandikwa ya kuwa treni huchukua watu na mizigo. Kisha tukasita. Tangu alipozaliwa, mtoto huyu ameona nini? Ameona mabehewa ya madini, ya makaa na ya mafuta. Labda ameona na watu pia, wamekaa juu ya mizigo kama ndege juu ya mgongo wa ng'ombe. Walakini mtu aliyekaa juu ya mzigo haligeuzi gari kuwa la watu. Tuliiacha insha yake bila alama, nayo ingali mezani petu tunapoandika.

Basi leo twataka kusema juu ya gari la moshi na wasafiri wake. Twajua wapo watakaotuambia kwamba nchi yenye vita mashariki na njaa vijijini ina mambo mengine ya kutangulia. Labda wana haki. Lakini kwanza na waende Luena au Lubudi, wakaulize katika nyumba zile ambazo mtu aliondoka na mfuko wa mahindi, wala hakurudi.

Mji wetu ni mtoto wa reli. Reli iliyotoka kusini kwa njia ya Sakania ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1913 ilifika Kambove, jirani yetu. Mwaka 1918 ikafika Bukama, penye mto Lualaba. Na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, siku hizi Ilebo, kwenye mto Kasai. Mwaka 1931 tawi litokalo Tenke lilifika Dilolo, likaungana na reli ya Benguela iendayo hata bandari ya Lobito, pwani ya Atlantiki. Mwaka huo huo mji wetu ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot. Watu wengi humkumbuka bwana huyo kwa ajili ya shaba, lakini kabla ya shaba alikuwa mtu wa reli: ndiye aliyesimamia ujenzi wa reli ya kutoka Peking hata Hankow, huko Uchina. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966; reli ilibaki pale pale.

Wazee wetu wengi hawakuja hapa kwa miguu. Waliandikwa kazi Kasai, Lomami na kwingineko, wakaletwa kwa gari la moshi, wakashuka stesheni na sanduku moja la mbao, wakaelekezwa kwenye makambi ya Panda na Shituru. Mabibi zetu walifuata kwa gari lile lile. Yafaa tuseme pia ya kuwa gari la wakati ule halikuwa la haki: Mzungu alikuwa na behewa lake, na Mwafrika alikuwa na lake, tena la mbao ngumu. Hatulilii enzi ile. Walakini hata yule aliyekalia mbao ngumu alikuwa na tiketi mkononi, na jina la stesheni yake limeandikwa juu yake.

Mwaka 1952 nyaya za umeme zilitandazwa juu ya njia ya kutoka kwetu hata Tenke, kisha zikaendelezwa mbali zaidi, na nguvu yake ilitoka katika maporomoko ya mito yetu wenyewe, Lufira na Lualaba. Kwa hiyo neno hili "gari la moshi" ni la mazoea tu. Moshi ulikuwa umekwisha Likasi kabla sisi hatujazaliwa. Siku hizi, mahali nyaya zilipoibwa, moshi wa dizeli umerudi, na neno limepata tena ukweli wake.

Iko siku nyingine ya stesheni yetu ambayo si rahisi kuiandika, ila kuiacha kungekuwa kusema nusu ya habari. Mwaka 1992 na mwaka 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walikusanyika stesheni, hapa Likasi na huko Kolwezi pia, wakalala chini ya maturubai na magunia majuma mengi, hata miezi, wakingoja gari la kuwapeleka nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa humo humo stesheni kwa maradhi, na wengine njiani, ndani ya mabehewa yaliyojaa kupita kiasi. Sisi tulikuwa wachanga. Tulisimuliwa na wazazi wetu kwa sauti ya chini. Tangu siku hizo wako watu wa Likasi ambao wakisikia neno "treni ya abiria" hawafikirii safari ya sikukuu. Twawaelewa. Lakini uovu ule ulitoka katika mioyo ya watu, haukutoka katika reli, na wengi wa waliookoka waliokolewa na reli.

Reli yenyewe ilidhoofikaje? Jibu fupi ni shaba. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani kama 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Yakafuata machafuko ya nchi. Na mwaka 1993 shaba ilikuwa imeshuka hata tani zipatazo 50,000. Sasa reli yetu ilikuwa kama nyumba inayolishwa na shamba moja. Nauli ya shaba ndiyo iliyonunua mataruma, ikalipa mafundi, ikatengeneza mabehewa ya watu. Shaba ilipokwisha, kila kitu kilianza kuliwa kidogo kidogo. Mlango wa Lobito nao ulikuwa umefungwa na vita vya Angola tangu mwaka 1975. Shirika likabadilishwa jina: SNCZ mwaka 1974, Sizarail mwaka 1995, kisha SNCC tangu mwaka 1997. Kubadili jina ni kazi ya siku moja. Kubadili mataruma ya kilomita 3,641 ni kazi nyingine.

Twafika sasa kwenye jambo lenyewe. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022 gari la mizigo lililotoka Luena kuelekea Tenke liliacha reli mahali paitwapo Buyofwe, katika wilaya ya Lubudi. Lilikuwa na mabehewa 15, na 7 kati yake yaliporomoka bondeni. Ndani yake na juu yake walikuwa mamia ya watu. Habari za kwanza zilisema wamekufa watu 60. Baadaye ikasemwa 61. Mwisho idadi ikafika 75, na majeruhi zaidi ya 100. Je, ndugu msomaji, umejiuliza kwa nini idadi ilipanda hivyo? Si kwa sababu watu hawajui kuhesabu. Ni kwa sababu hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha nani alikuwa ndani ya gari lile. Hakukuwa na tiketi. Katika vitabu vya reli, gari lile halikuwa na abiria.

Tena Buyofwe haikuwa mara ya kwanza. Mahali hapo hapo, Novemba 2017, gari lililochukua mafuta lilianguka na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 30 waliokuwa wamelipanda. Na Aprili 2014, upande wa kaskazini wa Kamina, gari jingine la mizigo liliacha reli karibu na Katongola, wakafa watu wasiopungua 48. Kila mara neno lililotumika katika matangazo lilikuwa lile lile: "abiria wa siri". Sisi neno hili hatulipendi. Siri gani ya watu mia tatu waliokaa juu ya gari moja, mchana kweupe, na vikapu vyao na kuku wao, wakipungia mkono kila kijiji? Mwenye siri hujificha. Hawa walionwa na kila mtu.

Kwa nini hupanda? Atakaye kujibu na atazame ramani. Kutoka Likasi kwenda Lubumbashi iko barabara ya lami, kama kilomita 120, na mabasi hayakosi. Kutoka Likasi kwenda Kolwezi iko barabara pia. Lakini ukiisha kupita Tenke na kushika njia ya kaskazini, kwenda Lubudi, Luena, Bukama, Kamina, mambo ni mengine. Huko reli ilitangulia barabara, na miji ilijengwa kwa kuifuata. Lubudi ilisimama kwa ajili ya saruji, Luena kwa makaa ya mawe, Bukama kwa bandari yake ya mtoni. Hakuna aliyefikiri siku hizo kwamba barabara ingehitajika sana, kwa kuwa gari lilipita. Siku hizi mvua za Januari zikinyesha, lori hukaa matopeni siku tano. Mama mwenye samaki wakavu kutoka maziwa ya Upemba hawezi kungoja siku tano. Mwanafunzi aliyeitwa kufanya mtihani hawezi kungoja. Mtu aliyepelekewa habari ya msiba wa babaye hawezi kungoja. Gari la mizigo linapanda mlima polepole, mwendo wa mtu akimbiaye, na mkono umekwisha kushika chuma.

Tulikwenda kumwuliza mzee mmoja wa Kikula, mstaafu wa kazi ya reli, aliyefanya kazi ya njia miaka zaidi ya thelathini. Tulikuwa tumejiandalia fikra yetu, nasi tuliiona kuwa nzuri. Tulimwambia: "Baba, kwa nini wasifunge tu mabehewa mawili ya watu, yenye viti na tiketi, nyuma ya kila gari la mizigo? Gari lapita hata hivyo. Gharama ni ndogo."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu," akasema, "ukifunga behewa la watu nyuma ya mzigo juu ya njia mbovu, umewauzia tiketi ya kufia. Tofauti itakuwa hii tu, kwamba safari hii mtayajua majina yao."

Akatufundisha kama sisi tuwafundishavyo watoto. Akachukua vijiti, akavilaza uwanjani. Reli, akasema, hazilali juu ya ardhi. Zalala juu ya mataruma, na mataruma yalala juu ya kokoto. Kazi ya kokoto ni kupitisha maji na kushika mataruma yasiteleze. Kokoto zikiisha kuzama katika udongo, maji hukaa; taruma la mbao huoza, msumari hulegea, na reli mbili ambazo zapaswa kuachana kwa kipimo kimoja tu, milimita 1,067, huanza kufunguka kama miguu ya mtoto anayejifunza kutembea. Gari likipita polepole huenda likavuka. Likipita kwa kasi, au likiwa limejaa upande mmoja, gurudumu hushuka. Hapo ndipo watu walio juu ya mzigo huwa hatari hata kwa gari lenyewe: dereva hajui uzito alionao, wala hajui umekaa upande gani, na mlimani breki zapimwa kwa uzito. "Behewa la mzigo," akasema mzee, "likilala ubavu humwaga kila kitu kilicho juu yake, kisha hukifunika. Behewa la watu lina paa, lina kuta, lina mahali pa kushika. Lakini kwanza tengenezeni njia. Anzeni na miteremko ya Lubudi. Msianze na rangi ya mabehewa."

Tulirudi nyumbani na fikra yetu imevunjika, na hilo si jambo baya kwa mwalimu. Basi twasema sasa alivyosema mzee: njia kwanza, halafu watu. Lakini twaongeza neno letu moja, ya kuwa hiyo "halafu" isiwe ya miaka ishirini.

Wala si jambo lisilowezekana. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na reli ya kaskazini, iendayo Moshi na Arusha, ambayo haikuwa imechukua abiria kwa muda wa miaka 25 na zaidi. Majani yaliota juu yake; mahali pengine watu walikuwa wamejenga vibanda. Waliifungua, wakabadili mataruma, wakajenga upya madaraja yaliyoharibika. Julai 2019 magari ya mizigo yalianza kupita tena. Desemba mwaka huo huo, wakati Wachaga wa Dar es Salaam wanapokwenda kwao kula Noeli, gari la abiria likafika Moshi. Oktoba 2020 likafika Arusha. Angalieni nafasi kati ya mzigo na mtu: haikufika hata nusu mwaka. Huko Kenya nako reli ya zamani ya Kisumu ilitengenezwa, na abiria wakarudi Desemba 2021. Hizo zote ni reli kuukuu zilizoshonwa viraka. Hatusemi juu ya ile reli mpya ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2024. Ile ni kitu kizuri sana, na bei yake si ya kututajia sisi wa Bukama.

Watu hutuuliza: nani atalipa? Swali hili ni la haki, na wengi wanaoandika juu ya reli hulikwepa. Tuseme wazi: gari la abiria halijilipi lenyewe. Hapa halijilipi, na karibu kote duniani halijilipi. Mama mwenye kikapu cha samaki hawezi kulipa nauli ya kubadili mataruma ya kilomita mia. Ndiyo maana kwingine Serikali hulipa sehemu yake kwa mkataba ulioandikwa, au mzigo humbeba mtu. Zamani kwetu mzigo ulimbeba mtu.

Na mzigo upo. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani baada ya Chile. Tuliwapa watoto hesabu hii darasani: kama kila lori lachukua tani 30, tani milioni 3 zahitaji malori mangapi? Wakajibu: 100,000. Hayo ndiyo malori tuyaonayo kila siku kwenye barabara yetu, yakielekea Kasumbalesa, na mengine yakirudi na asidi na vifaa vya migodi. Watu wa barabarani nao hulipa deni la reli. Februari 2019, kijijini Kabwe, katika njia ya Kolwezi, lori la asidi liligongana na basi, wakafa watu wapatao 20 kwa namna ambayo hatutaieleza hapa, kwa kuwa watoto husoma ukurasa huu. Kila tani irudiyo kwenye reli yaitoa tani moja barabarani. Kwa hiyo hata yule asiyekusudia kupanda treni maisha yake yote ana sababu ya kutaka reli ipone.

Fedha nazo zimeanza kuzungumzwa. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa dola milioni 255 kwa usafirishaji wa nchi hii, sehemu kubwa yake ikiwa ni kwa SNCC, na vichwa vipya vya treni vilinunuliwa. Sasa wakubwa wa dunia wanataja kila siku njia ya Lobito. Reli ya Benguela ilijengwa upya na Wachina, ikafunguliwa tena hata mpakani kwetu Februari 2015. Tangu mwaka 2024 mizigo yake imo mikononi mwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway, kwa mkataba wa miaka 30, na Desemba mwaka huo Rais Joe Biden wa Marekani alifika Lobito mwenyewe. Walimfuata waandishi wengi, nao waliandika sana juu ya shaba na kobalti.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakuliandika. Waangola walipokabidhi mizigo, hawakusahau watu. Magari ya abiria yalibaki kwa shirika la Serikali lao, CFB, nalo lina haki ya kupita juu ya njia ile ile. Yaani katika mkataba mlikuwa na mahali pa mama mwenye kikapu. Hilo ndilo tunaloliomba sisi. Wakati wo wote wakubwa wetu watakapotia sahihi karatasi juu ya njia ya Tenke, Kolwezi na Dilolo, au juu ya njia ya kaskazini, na waandike ndani yake siku za gari la watu, idadi ya mabehewa yake, na nani atakayelipa pengo. Lisipoandikwa siku ile, halitaandikwa baadaye. Mwenye kukodi shamba hapewi masharti mapya baada ya kupanda.

Tena twaomba liwe gari la kwenda kaskazini. Hapa tutagombana na rafiki zetu wa mjini, ambao hutamani treni nzuri ya asubuhi ya kuwapeleka Lubumbashi kazini na kuwarudisha jioni. Nasi tungeipenda. Lakini kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ingechukua saa tatu, na basi huchukua saa mbili au zaidi kidogo. Mtu wa Likasi akikosa treni hiyo, atafika hata hivyo. Mtu wa Luena akikosa yake, atapanda juu ya makaa. Treni ya Lubumbashi na ingoje zamu yake.

Na liwe na siku inayojulikana. Mara moja tu kwa juma yatosha kwa kuanzia, ila siku hiyo isibadilike. Mzee wetu wa Kikula alituambia ya kuwa zamani katika vijiji vya njiani watu hawakuwa na saa, walilitazama gari. Leo mtu aweza kulala stesheni siku nne, akala nauli yake yote kwa mihogo na maji, na gari likifika hana tena cha kulipa. Gari la polepole watu hulivumilia. Gari lisilo na siku huwafundisha kutolingoja, na asiyelingoja hupanda lile linalopita.

Neno moja kwa wafanyakazi wa reli, maana wengi ni wasomaji wetu na watoto wao ni wanafunzi wetu. Twajua ya kuwa mishahara imechelewa miezi mingi, na kwamba wengine wenu wamestaafu bila kupata haki yao. Mtu asiyelipwa hawezi kulaumiwa kirahisi akifumba macho mbele ya watu wanaopanda. Walakini yule anayepokea noti mkononi ili afumbe macho, huyo anajua anachokiuza. Tusiendelee zaidi.

Siku ya pili mzee alikuja shuleni kuturudishia mwavuli tuliousahau kwake. Tulimwonyesha ile insha ya mtoto wa Shituru. Akaisoma mara mbili, kwa kuwa ni fupi, akasema: "Mpe alama zote, Mwalimu. Ameandika alichokiona." Tulimjibu kwamba kitabu cha masomo chasema vingine. Akauliza kitabu hicho kilichapwa mwaka gani. Hatukujua. Tulitazama ukurasa wa mwanzo pamoja, nao ulikuwa umechanika.

Sasa twawaomba wasomaji wetu wa njia ya kaskazini kazi moja. Ninyi wa Lubudi, wa Luena, wa Bukama na wa Kamina, tuandikieni: katika mwezi mmoja magari mangapi ya mizigo yamepita kwenu, watu wangapi mmewaona juu yake, walikuwa wakienda wapi na kufanya nini. Mkiweza kuhesabu wanawake na watoto kando, ni vizuri zaidi. Msiandike jina la mtu. Tutazikusanya hesabu hizo na kuzipeleka kwa wabunge wetu wa jimbo, na nakala moja kwa shirika la reli. Barua zipelekwe kwa mkono, kwa mtu mwaminifu ajaye Likasi, zikaachwe kwenye ofisi ya parokia. Na yeye atakayeichukua barua hiyo, tafadhali aandike nyuma ya bahasha amesafiri kwa njia gani.